MAZIWA HAYAFIKI MAPAFUNI



Katika viwanda vya rangi na karakana za kuchomelea vyuma, mtu akilalamika kwamba kifua kinambana hupewa pakiti ya maziwa. Tajiri huona amemaliza wajibu wake. Twauliza: maziwa yapita njia gani? Maziwa huenda tumboni, vumbi liko mapafuni, na wawili hao hawakutani. Tuyanywe, ni chakula kizuri, lakini yasiitwe kinga.

Tena vumbi lenyewe limebadilika. Siku hizi viwanda hununua unga mdogo mno uitwao nano, wa kutia katika rangi, plastiki na vitu vingine. Chukua milimita moja, uigawe sehemu milioni moja: sehemu moja ndiyo nanomita. Chembe za unga huo hazizidi nanomita 100. Jicho halizioni, na zikivutwa hufika mwisho kabisa wa mapafu, pale damu inapopokea hewa. Moshi wa kuchomelea nao una chembe ndogo namna hiyo, ingawa hakuna aliyeziagiza.

Angalieni taitaniamu dayoksaidi, ule unga mweupe wa rangi. Mwaka 2011 NIOSH, shirika la serikali ya Marekani la utafiti wa usalama kazini, lilishauri unga wa kawaida usizidi miligramu 2.4 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Ule mdogo mno, miligramu 0.3. Unga ni mmoja, tahadhari ni mara nane. Basi karani wa stoo akikuambia "huu ni ule ule wa zamani," mwulize chembe zake zina kipimo gani.

Matajiri watajibu kwamba madhara hayajathibitishwa. Ni kweli, si kila aina ya nano imeonekana kudhuru. Lakini wimbo huo tumewahi kuusikia. Uingereza iliweka kanuni za vumbi la asbesto mwaka 1931, na marufuku kamili ikaja 1999. Miaka 68! Waliozikwa katikati hapo hawakurudi kusoma ile marufuku. Mwaka 2008 wanasayansi walionyesha katika panya kwamba mirija mirefu ya kaboni, nayo ni nano, yaweza kuumiza mwili kama asbesto. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa nano kazini, na msingi wake ni kwamba tahadhari itangulie. Ushahidi anaoungoja tajiri ni kifua chako.

Wengine hujificha nyuma ya sheria. Husema Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haitaji nano. Haitaji, lakini yataja vumbi na moshi unaodhuru, na yamtaka mwenye kiwanda azuie visivutwe na watu. Yataka pia kamati ya usalama penye wafanya kazi 20 au zaidi. Kamati nyingine ni jina ukutani tu.

Madai yetu ni haya. Unga ununuliwe ukiwa umekorogwa tayari kama uji, pale inapowezekana, usipeperuke. Mashine ya kufyonza hewa iwekwe pale pale gunia linapofunguliwa, si dirishani. Kufagia kwa ufagio mkavu na kupuliza nguo kwa hewa ya kompresa kukome. Sakafu ipanguswe kwa maji. Kitambaa cha pua hakizuii chembe hizi: tunataka maski za kuchuja zinazokaa sawasawa usoni, bila kukatwa mshahara. Na ovaroli zifuliwe kiwandani. Kikulacho ki nguoni mwako, na ovaroli ile hufuliwa nyumbani katika beseni moja na nguo za mtoto.

Kila mkuzo wa dawa na unga una karatasi ya maelezo ya usalama, na muuzaji ana wajibu kuitoa. Wawakilishi wetu wa viwandani waidai wiki hii, kwa kila gunia lililomo stoo, waandike tarehe waliyoomba na jibu walilopewa, kisha walete orodha hiyo ofisini kwa Katibu kabla ya mkutano wa tawi.