Bustani za Kujitolea: Karatasi Kwanza, Miche Baadaye



Katika kambi nyingi za miwa na chai, na katika mitaa inayozunguka viwanda, utakuta kipande cha ardhi ambacho watu wamekifanya bustani kwa nguvu zao wenyewe. Jumapili hutoka na majembe, wakapalilia, wakamwagilia, wakachimba mashimo ya miche. Hakuna anayelipwa. Mboga huenda majumbani. Maembe, mapapai na mafenesi ni ya wote, watoto wakiwa wa kwanza.

Tunaziunga mkono bustani hizi. Mshahara unapoisha kabla ya mwezi, fungu la mchicha si jambo dogo. Lakini liko swali ambalo wengi wetu huona haya kuliuliza siku ya kazi ya kujitolea, kwa kuwa laonekana kama la kuwavunja watu moyo: ardhi hii ni ya nani?

Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Ukifukuzwa leo, umepoteza mwezi mmoja. Mwembe uliobebeshwa hungoja miaka mitatu minne, na uliopandwa kwa kokwa hungoja zaidi. Jasho la miaka yote hiyo limo ardhini, na ardhi ina mwenyewe. Wenye mashamba wanalijua hili tangu zamani. Kule Unguja, kabla ya Mapinduzi ya 1964, maskwota waliachiwa kulima mihogo chini ya mikarafuu, nao kwa kufanya hivyo wakampalilia tajiri shamba lake. Kupanda mti wa kudumu walikatazwa. Muhogo ukishang'olewa umekwisha, lakini kwa desturi ya kule mti uliweza kuwa na mwenyewe mbali na mwenye ardhi. Aliyepanda mnazi alikuwa na neno la kudai.

Wala haya si mambo ya Afrika peke yake. Mjini Los Angeles, Marekani, mwaka 1986 serikali ya mji ilichukua kiwanja kwa nguvu ya sheria ili ijenge mtambo wa kuchoma takataka. Wakazi wakaukataa mtambo. Mwaka 1994 kiwanja kikaachiwa shirika la kugawa chakula, kwa kibali ambacho mji ungeweza kukifuta. Familia kama 350, nyingi zenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, zikageuza eka 14 za uchafu kuwa bustani ya mahindi, maharage, mipera na miparachichi. Mwaka 2003 mji ukamwuzia ardhi mmoja wa wenyewe wa zamani, kwa kiasi cha dola milioni 5. Wakulima walikwenda mahakamani, wakaandamana, wakatafuta wafadhili. Bei waliyotajiwa wao ilikuwa dola milioni 16.3. Tarehe 13 Juni, 1006 haikuwa, ilikuwa 2006, katika zama hizi zetu, polisi waliwatoa, na tingatinga likapita juu ya mazao. Kisha kiwanja kikakaa kitupu kwa miaka mingi!

New York mambo yalikwenda vingine. Waliojitolea walianza bustani mwaka 1973 kwenye kiwanja kilichojaa takataka, na mwaka uliofuata mji ukawakodishia kwa dola 1 kwa mwezi. Dola moja ni kitu gani? Si kitu, ila ilikuwa na karatasi. Bustani hiyo ipo mpaka leo. Hata hivyo, mwaka 1999 mji ulipotaka kunadi bustani nyingine zaidi ya 100, hazikuokoka mpaka mashirika ya hiari yalipozinunua.

Kwa hiyo twasema: kazi hii isiachiwe kamati ya bustani peke yake. Tawi la chama liipeleke mezani pamoja na mambo ya nyumba na maji, iandikwe katika mkataba. Iandikwe ukubwa wa kiwanja na mipaka yake, ni kwa miaka mingapi, na mti mmoja uliokwisha zaa utalipwa kiasi gani kiwanja kikitakiwa. (Wako mameneja wapendao sana kupigwa picha bustanini siku ya wageni. Siku hiyo ndiyo ya kuwapelekea kalamu.)

Meneja akikubali mchicha lakini akakataa miti, basi ametuambia bila kutaka ana mpango gani na kiwanja kile. Tulime mchicha wake, na miche ya maembe ibaki kwenye makopo mpaka tawi lipate jibu.