Usinunue Mfereji Kabla ya Regulata

Wasee, mwezi huu nimeulizwa na watu watatu kuhusu kuweka mfereji wa bia nyumbani, pipa chini, gesi kando, unajimiminia kama uko klabu. Wote watatu walianza na picha ya mfereji unaong'aa. Mimi nasema mmemshika ng'ombe mkia. (Kama hujafikisha 18, soma hii kama fizikia tu. Na ukianza kuuzia majirani bila leseni, hiyo story utamalizia kwa chifu.)

Pipa si kitu kigeni huku kwetu. Senator Keg iko sokoni tangu 2004, na kiwanda cha Kisumu kilifunguliwa tena 2019 ili kuitengeneza, kwa mtama wa wakulima wetu. Kigeni ni kuleta pipa sebuleni na kudhani kazi yote iko kwa mfereji.

Kazi iko kwa regulata. Mtungi wa CO2 ukiwa kwa joto la nyuzi 20 una zaidi ya psi 800 ndani. Jua la Sondu likipiga hadi 30, inapita 1,000. Bia baridi inataka kama 10 hadi 14 tu. Tairi ya gari ndogo ni kama 30, fikiria hapo. Kitu pekee kinachosimama kati ya ile elfu na pipa lako ni kale kachuma mnataka kununua kwa bei ya kutupa.

Halafu kuna fundi. Kwa sherehe moja ya nyumbani kwetu regulata ilikataa, na fundi akasema tulia, nina ya kuchomelea vyuma. Inaingia, ndiyo. Lakini nyingi za kuchomelea hupima gesi inapita lita ngapi kwa dakika, hazipimi presha ndani ya pipa. Huwezi kujua uko 12 au 50. Tulichopata ni povu. Ndoo baada ya ndoo ya povu, na wageni wameshika vikombe wakitazamana. Na bado nashukuru, kwa sababu wazo lake la kwanza lilikuwa regulata ya meko na kiunganishi cha kujitengenezea. Hiyo haikuumbwa kwa presha ya CO2 hata kidogo. Mtu akikuletea hiyo, mwambie aondoke nayo.

Kwa hivyo regulata iwe ya CO2, ya vinywaji, mpya, yenye valvu ya usalama inayotoa presha ikizidi, na geji ya upande wa pipa unayoweza kusoma bila kukodoa macho. Geji ya pili, ya mtungi, si lazima. Gesi iko ndani kama maji, kwa hivyo sindano inakaa palepale mpaka ile ya maji iishe, ndiyo ianguke ghafla. Pima mtungi kwa mizani ya duka, utajua zaidi.

Sasa mfereji. Wa shaba uliopakwa kromu unapendeza, lakini kromu ikichubuka bia inagusa shaba na ladha inaharibika. Chukua stenlesi, hata kama sura yake ni ya kawaida. Na chukua ule unaofungia mbele, karibu na mdomo. Ule unaofungia nyuma unaacha bia ndani ya shingo, inakauka, inanata, na kwa joto letu inzi wanakuja kabla ya wageni.

Povu likizidi hata hivyo, usilaumu mfereji. Bia yenye joto inatoa gesi yake, stima ikipotea ni hivyo tu. Ongeza urefu wa mrija, wa ndani mwembamba, kama mita mbili au tatu. Paka viungio maji ya sabuni, uone kama vinatoa mapovu. Mtungi usimame, umefungwa, mahali penye hewa. CO2 ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, haina harufu, na chumba kidogo kilichofungwa kinaweza kukumaliza ukiwa usingizini.

Ile siku ya ndoo za povu, babu alikaa kimya muda mrefu. Baadaye akauliza hii gesi ni ya nini. Enzi zake, akasema, ilikuwa chungu kimoja katikati na kila mzee na oseke yake, na hakuna aliyeita fundi.