Kidonge Kipi, na Ulianza Lini?

Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 uliukuta mkoa wa Njombe ukiongoza nchini kwa maambukizi ya VVU: asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati kiwango cha taifa kilikuwa 4.4. Kuanzia maegesho ya malori ya Makambako, zinapoachana njia ya Tunduma na ya Songea, hadi Manda ukingoni mwa Ziwa Nyasa, ukoo usio na mtu anayemeza dawa za kufubaza VVU (ARV) ni wa kutafuta. Upele ukimtoka mtu anayezimeza, maneno humfikia kabla ya mganga. Mengine yanaua, na ndiyo ninayoyajibu hapa.

“ARV ndizo zinazobambua watu ngozi.” Neno hili lilizaliwa na jambo la kweli. Nevirapini, iliyomezwa na wengi miaka ya mwanzo, iliwatoa baadhi yao malengelenge na vidonda vya mdomoni na machoni. Ndiyo maana ilianzwa kwa nusu dozi siku 14. Lakini tangu 2019 Tanzania imewahamishia wagonjwa kwenye kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir, na hicho ni nadra sana kuleta balaa hilo. Siku hizi ngozi ikibambuka, ulizia kwanza septrini, halafu dawa za kifua kikuu na za kifafa. VVU vyenyewe humfanya mtu adhurike kirahisi na dawa ambayo jirani yake anaimeza salama. Hilo lilionekana Nairobi: utafiti uliochapishwa 1991 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa thiasetazoni, mmoja katika kila watano wenye VVU alidhurika ngozi, kwa wasio na VVU alikuwa mmoja katika mia. Wapo waliokufa. Dawa ilikuwa ile ile, tofauti ilikuwa mwili ulioipokea.

“Upele ukitoka, tupa vidonge vyote.” Hapana. Muwasho mdogo usio na homa, endelea na dawa, nenda CTC, kliniki ya VVU, ukaonyeshe. Lakini ukiona homa, malengelenge, vidonda mdomoni, macho mekundu au ya njano, au uso umevimba, usimeze kidonge kingine. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na pakiti zote, hata za dawa ulizonunua dukani. Safari ya kupanda milima kutoka Manda hadi Ludewa mjini naijua ugumu wake, ila haya hayasubiri kesho. Kuna sababu nyingine ya kutojiachisha dawa kimya kimya: tenofovir na lamivudini huzuia pia homa ya ini B. Mwenye virusi hivyo akiziacha bila daktari kujua, virusi huamka na kulishambulia ini.

“Dawa ameacha, homa imerudi: huyu karogwa.” Hapa ndipo familia nyingi hupotea, na siwalaumu, kwa sababu ugonjwa wenyewe unadanganya. Kuna madhara ya dawa yanayojitokeza wiki 2 hadi 8 baada ya kuanza: homa, upele mwili mzima, uso na tezi kuvimba, ini kuumia. Katikati ya vurugu hiyo, kirusi kilicholala mwilini tangu utotoni, cha ukoo mmoja na kile cha tetekuwanga, huweza kuamka. Karibu sote tulikipata kabla ya kutimiza miaka mitatu. Basi dawa inaachwa, nafuu inaonekana, kisha homa na kuumia kwa ini vinarudi upya. Huo si uchawi: anachohitaji mgonjwa ni kitanda cha hospitali na kupimwa damu mara kwa mara.

“Mkanda wa jeshi ukikutana kiunoni, unakufa.” Upele huo haukutani kwa kawaida, kwa kuwa hufuata mshipa wa fahamu wa upande mmoja. Nao ni tetekuwanga ya zamani iliyoamka. Ukitokea miezi ya kwanza ya ARV, haimaanishi kwamba dawa imeshindwa. Mara nyingine ni kinga inayorudi. Wahi asikloviri ndani ya saa 72.

Na wanaosema ukijaribu tena dawa iliyokuchoma, kidogo kidogo, mwili utazoea, msiwasikilize kabisa. Mara ya pili huja haraka na kwa ukali zaidi. Mwombe muuguzi aliandike jina la dawa hiyo kwenye kadi yako ya CTC, ajaze na fomu ya njano ya TMDA ya kuripoti madhara ya dawa, kisha mtajie jina hilo mtu mmoja wa nyumbani, ili siku ukiwa huwezi kusema, yeye aseme.