Supu Inanukia Vizuri

Jioni moja tulikuwa jikoni binti yetu wa darasa la sita alipokuja na daftari la Kiingereza. Alitakiwa kutafsiri: "Supu inanukia vizuri." Tukamjibu bila hata kugeuka, "The soup smells well." Alikosa. Wala hakutuambia, tuliliona daftari wenyewe siku tulipotoa sare zake kufua. Tangu jioni ile hakutuuliza tena kazi ya Kiingereza, na hilo ndilo lililotuuma.

Usiku watoto walipolala tulikifungua kitabu chake cha sarufi. Kumbe Kiswahili chetu ndicho kilichotuponza! Sisi husema supu inanukia vizuri, au najisikia vibaya, tukitumia kielezi. Mwingereza halitazami jambo hivyo. Kwake vitenzi kama "smell", "taste", "feel", "look" na "seem" huweza kufanya kazi ya "ni" yetu. Neno linalofuata halielezi kitendo, bali humweleza mwenye sentensi, yaani kiima. Ndiyo maana huitwa kijalizo cha kiima, nalo huwa nomino au kivumishi. Basi ilipasa kuwa "The soup smells good", na "I feel bad".

Ukikwama, mama, toa kitenzi hicho uweke "is". "The soup is good": sentensi imesimama. Sasa jaribu "Mother tasted the soup". Inakuwa "Mother is the soup", mama amegeuka supu! Hapo kuonja ni kitendo hasa, na supu ndiyo iliyoonjwa, kwa hiyo si kijalizo.

Tofauti si ndogo. "The dog smells bad" maana yake mbwa ananuka, akaogeshwe. "The dog smells badly" ni kwamba pua yake haifanyi kazi sawasawa, maskini. Ila "I feel well" ni sahihi, kwa kuwa hapo "well" ni kivumishi chenye maana ya kuwa na afya njema.

Tena tusisahau ile "a" ndogo. Mama yangu ni muuguzi ni "My mother is a nurse". Watoto wetu huiacha kwa sababu Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo.

Juzi tulimwita binti jikoni, tukamkiri kwamba siku ile tulimpotosha. Kisha tukampa sufuria ya maziwa yaliyolala, tukamwuliza yakoje, ajibu kwa Kiingereza. Akanusa, akakunja uso.

"The milk smells sour, Mama." Akaenda kuleta daftari.