Mashua Haina Kabati

Kila muhula mpya ukianza, husikika lalamiko moja bwenini: pahali hapatoshi. Mmoja ataka kabati, wa pili ataka rafu ukutani, wa tatu ataka kitanda cha mwenzake kisogezwe. Mimi nina maoni mengine, nami naomba ruhusa ya wasomaji niyaeleze. Naona kukaa pahali padogo ni kazi yenye kanuni zake, kama kushona nguo au kulima. Wazee wetu wa visiwa vya Kibajuni walizijua kanuni hizo zamani sana, maana baharini asiyezijua hujitia hatarini yeye na wenziwe.

Huko Ulaya na Marekani watu wengi hupenda kusafiri kwa magari yaliyotiwa kitanda, jiko na maji ndani yake, wakalala humo kwa majuma mengi. Kiwanda cha Westfalia cha Ujerumani kilianza mwaka 1951 kuyageuza magari ya Volkswagen kuwa nyumba ndogo za namna hiyo. Wenye magari hayo hushindana kwa maarifa: kitanda hukunjwa kikawa kiti, vikombe hutundikwa, nguo hutiwa chini ya godoro. Ni maarifa mazuri, nami siyadharau. Lakini kijana wa Kismayuu au wa Chula hana haja ya kwenda mbali kuyatafuta. Na ashuke pwani atazame jinsi wavuvi wanavyopakia mashua yao.

Visiwa vyetu vimejipanga kama ushanga toka upande wa Kismayuu kwenda kusini hata karibu na mpaka wa Kenya: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo. Upande mmoja ni mwamba na bahari kuu, upande wa pili ni bara. Mvuvi aendaye dago hukaa siku nyingi mbali na nyumbani, na mashua ndiyo ghala yake, jiko lake na mara nyingine kitanda chake. Ndani ya chombo hicho hana budi kupakia maji, mchele au unga, kuni, sufuria, nyavu, mishipi, nanga, kamba, chumvi ya kutilia samaki, na watu wenyewe. Tena hana budi kufikiri tangu mwanzo juu ya safari ya kurudi, kwani ikiwa Mungu amemjalia, papa na samaki nao watataka pahali pao.

Yeye hufanyaje? Kwanza, kizito hukaa chini, tena katikati. Maji na mchele havipandishwi juu ya kitu chepesi, wala haviwekwi upande mmoja, kwani chombo kitalala na kwenda mrama. Katika jahazi lisilo na shehena hutiwa mawe au mchanga wa farumi ili litulie. Likipata shehena, farumi hutolewa na mzigo wenyewe ukafanya kazi ile. Hapo pana fundisho: mzigo uliopangwa vyema hukisaidia chombo, na ule ule ukipangwa vibaya hukiangusha.

Pili, kitakachotakiwa kwanza hupakiwa mwisho. Nyavu hazifunikwi na magunia. Hukunjwa kwa utaratibu ili zitoke bila kushikana, maana samaki hawamngoji mtu afumbue mafundo. Kibiriti hutiwa katika chupa yenye kizibo, nacho hukaa mahali ambapo mkono waweza kukipata gizani.

Tatu, kitu kimoja hufanya kazi mbili au tatu. Tanga mchana ni la upepo, na chombo kikitia nanga huwa hema la kuzuia jua na umande. Kikoi ni nguo, ni taulo, ni kilemba, ni shuka ya kulalia, na kikifungwa pembe zake ni mfuko. Jiko la chomboni ni sanduku la mbao lililotiwa mchanga, moto usiunguze ubao. Zamani wavuvi wetu walimtumia hata samaki aitwaye taza kuwakamatia kasa. Humfunga kamba mkiani, naye hujibandika mwenyewe ubavuni mwa mashua mpaka atakapotakiwa kazini. Chombo gani kilichopata kubuniwa kikahifadhiwa bila kula pahali namna hiyo? Profesa Vinigi Grottanelli wa Italia alikaa na Wabajuni akaandika kitabu kizima juu ya wavuvi wa bahari ya Hindi, kilichotoka mwaka 1955. Mtaalamu hatoki mbali vile kuja kuandika juu ya watu wasio na elimu.

Nne, na hii ndiyo kubwa kuliko zote: pako pahali pasipowekwa kitu hata kidogo. Ngama, yaani pale maji yanapojikusanya chini, huachwa wazi ili mtu aweze kuyafua. Ndoo ya kufulia hukaa hapo hapo, haiazimwi kwa kazi nyingine. Njia ya kufika kwenye usukani nayo ni wazi. Mgeni akiona pale wazi husema, "Hapa pamebaki nafasi, tutie gunia moja." Nahodha hukataa. Ajua kwamba nafasi ile si tupu. Imekwisha kazi yake, nayo ni kuokoa roho.

Nchi kavu pia watu wetu walijua kubana. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zina vyumba virefu vyembamba, kwa sababu upana wa chumba wafuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Fundi hakulia kwamba boriti ni fupi. Alichimba zidaka katika unene wa ukuta, na vyombo vya kaure na vitabu vikapata pahali bila kupunguza sakafu hata shubiri moja. Jikoni hutundikwa susu, na chakula kikakaa juu ambako panya hafiki.

Najua wako watakaonijibu, "Wewe wasifu umaskini. Watu hubana kwa kuwa hawana." Jibu hili lina ukweli wake, nami sitaki kulipita. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991 na vita vikaenea, Wabajuni wengi walikimbia visiwa vyao kwa vyombo mpaka Kenya. Aliyepanda chombo siku zile hakuuliza kabati itakaa wapi. Alichukua watoto na kile alichoweza kukibeba, akaacha nyumba, visima na makaburi ya wazee. Hakuna mtu mwenye haki ya kumwambia mkimbizi ajifunze kuridhika na padogo. Padogo pa kulazimishwa ni dhuluma, na dawa yake si kupanga vyema, ila ni kurudishiwa mtu haki yake.

Tena wako wanaofanya kosa la upande wa pili. Wakiisha kujua kubana, hudhani kila chombo hakijai. Meli ya MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, walikufa watu zaidi ya 220, na chombo chenyewe kilikuwa cha kuchukua watu 101. Katika maji yetu pia twawaona wenye vyombo wanaoongeza gunia moja, kisha abiria mmoja, kisha mwingine, na kila mmoja aonekana mdogo. Huo si ufundi wa kupakia. Nahodha wa kweli hutambulika kwa kile anachokiacha pwani. Aambiwe mchoyo, aambiwe mwoga, yeye atazame ubavu wa chombo chake umezama kiasi gani, basi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Maarifa ya kukaa pahali padogo yana sehemu mbili, nasi twapenda kujifunza moja tu. Sehemu ya kwanza ni kupanga: zito chini, cha haraka juu, kimoja kifanye kazi mbili. Sehemu ya pili ni kukataa: kujua ni kipi kisipande kabisa, na ni pahali gani pasijazwe. Ya kwanza hufundishika kwa siku moja. Ya pili yataka moyo, kwa sababu humpasa mtu amwambie mwenziwe "hapana", au ajiambie mwenyewe.

Sisi wanafunzi tuko katika chombo namna hiyo. Sanduku moja la chuma, kitanda kimoja, na msumari mmoja ukutani. Lakini tazama yaliyomo sandukuni: viatu vitatu, na kimoja hakivaliki, daftari za mwaka juzi, zawadi ambazo mtu hakuzitaka lakini aona haya kuzitoa. Vitabu vya mtihani viko chini kabisa. Na njia ya kupita baina ya vitanda, ambayo usiku wa moto ndiyo ngama yetu, imejaa ndoo na masanduku. Tukiletewa kabati leo, kabla ya muhula kwisha kabati nayo itajaa, na lalamiko litarudi lile lile.

Basi nawaomba wenzangu, kabla hatujapeleka ombi lingine kwa mwalimu wa bweni, tutoe kwanza vitu vyote kitandani, tuvitazame kama nahodha atazamavyo mzigo ulioletwa pwani. Kisichohitajika kirudi nyumbani au kipewe mwenye haja. Njia ya mlangoni iwe wazi usiku na mchana. Ikiwa baada ya hayo pahali bado hapatoshi, hapo tutakuwa na haki ya kuomba, nami nitakuwa wa kwanza kutia sahihi.