Meza ya Harusi Isile Pesa ya Mbolea

Tukimaliza kuvuna huanza harusi. Hapa Tunduma na vijiji vya jirani, kiangazi ni wakati wa vigelegele. Lakini Novemba mvua huanza. Hapo mkulima anataka mbegu na mbolea.

Tuseme baba mmoja anamwoza binti yake. Kamati inakaa. Mmoja anataka keki ya ngazi tatu. Mwingine anataka maua ya plastiki na vitambaa vya kukodi. Tunduma ni mji wa mpakani, bidhaa ni nyingi na macho hutamani. Michango haitoshi, baba anauza magunia matano ya mahindi. Keki inaliwa jioni moja. Asubuhi vitambaa vinarudishwa kwa mwenyewe. Novemba inafika, baba hana mbolea. Anaanza kukopa.

Je, tuache vitu vitamu? La. Tuchague vya kwetu. Keki moja ndogo yawatosha maharusi kukata na kulishana. Wageni wapewe ndizi mbivu, mapapai, maandazi na kashata za karanga. Vitu hivi havihitaji barafu. Keki yenye krimu huharibika upesi kwenye joto.

Kashata hupikwa hivi. Chukua karanga vikombe 2, sukari kikombe 1 na maji robo kikombe. Kaanga karanga, toa maganda. Chemsha sukari na maji mpaka rangi iwe kama asali. Tia karanga, koroga haraka. Mimina kwenye sinia iliyopakwa mafuta. Kata vipande kungali moto kidogo.

Chagua karanga vizuri. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupe. Zinaweza kuwa na sumukuvu, na kukaanga hakuimalizi sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Karanga nazo hupatwa na sumu hiyo.

Sasa meza. Tandika kanga au kitenge safi. Kata maua ya bustani asubuhi na mapema, uyaweke katika chupa zenye maji. Usiweke maua juu ya chakula, maana mengine yana sumu. Vitamu vifunikwe kwa kitambaa safi, nzi wasitue. Wanaogawa wanawe mikono kwa sabuni.

Kabla kamati haijakaa, baba na mama wachukue daftari. Waandike kwanza mbegu na mbolea. Waandike pili chakula cha nyumbani mpaka mavuno mengine. Kinachobaki ndicho cha harusi. Sisi sasa tunajua kusoma na kuandika, basi tuutumie ujuzi huu.

Maswali ya kujadili:
1. Katika kijiji chenu, ni kitu gani cha harusi kinachokula pesa nyingi?
2. Mnaweza kutumia nini badala yake?