Komisyo ya komisioneri, tuipatane mbele ya kutembea



Nilikuwa nimewaahidi habari ya kuhifadhi mbegu za maharagi. Itangoje. Jumanne jioni mama mmoja wa kikundi chetu alinijia na jambo lisiloweza kungoja, na nikaona linatuhusu wengi.

Yeye na bwana wake wanauza nyumba yao ya mbao hapa Kiwanja ili watafute parsele Goma, karibu na watoto wanaosoma. Walipata komisioneri, kijana mpole anayejua kusalimia wakubwa. Akawaambia: "Mama, mimi nachukua 10 kwa 100. Ndiyo kawaida, kila mtu anajua." Wakakubali. Bei yao ilikuwa dola 4,000. Jumapili, wakitoka misa, mama akakutana na dada wa yule anayetaka kununua. Katika maongezi akasikia kwamba mnunuzi ameambiwa dola 5,000, na juu yake ameombwa 10 kwa 100 nyingine ya kijana.

Hebu tuhesabu polepole, kama siku ya kugawana pesa za AVEC. Muuzaji anatoa dola 400 za komisyo, anabaki na 3,600. Mnunuzi anatoa 5,000 za nyumba na 500 za komisyo, jumla 5,500. Katikati ya wale wawili zimepotea dola 1,900. Mama yule aliponisikia nikitaja hiyo hesabu alinyamaza kwanza, kisha akauliza: "Sasa nani ameuza nyumba, mimi au yeye?"

Sitaki tumchukie komisioneri. Anatembea juani na katika mvua, anajua nani anahama na nani anatafuta, analipa simu kutoka mfukoni mwake, na siku nyingine anarudi nyumbani bila kitu. Wengi hawana biro wala mshahara, wana kona ya barabara na simu tu. Anayefanya kazi apate chakula chake. Lakini lile neno "kawaida" lisitufunge mdomo. Komisyo ni mapatano kati ya watu wawili, kama bei ya gunia la mihogo. Mwingine anaomba 5 kwa 100, mwingine 10, na kwa nyumba ya kupangisha wengi wanaomba pesa ya mwezi mmoja. Yote yanazungumzwa.

Yanazungumzwa lini? Mbele ya kuinua mguu. Ukishaona nyumba, ukaipenda, ukaanza kuona vitanda vya watoto vitakaa wapi, huwezi tena kupunguza kitu. Komisioneri anayasoma macho yako. Kwa hiyo siku ya kwanza, mkiwa bado mmesimama barabarani, mwulize: unataka ngapi, atakulipa nani, na utalipwa siku gani? Akijibu "tutaelewana tu, mama", basi bado hamjaelewana. Andika jibu kwenye karatasi hata ya daftari la mtoto, tarehe na majina mawili.

Kuna jambo wanunuzi wengi hawalifikiri. Ukimlipa komisioneri 10 kwa 100 ya bei, umemlipa ili bei ipande. Ukiomba mwenye nyumba ashuke kutoka 5,000 mpaka 4,500, wewe unaokoa 500, yeye anapoteza 50. Atakuombea kwa nguvu gani? Mnunuzi afadhali apatane pesa inayojulikana, tuseme dola 100, nyumba iwe ya 4,000 au ya 5,000. Ukitaka kumtia moyo, mwambie utamwongezea kidogo akifaulu kuishusha bei. Kwa muuzaji ni tofauti, maana faida yenu wawili iko upande mmoja. Asilimia inaweza kufaa, ila iwe ndogo, na ihesabiwe kwa bei halisi iliyosemwa mbele ya mnunuzi.

Hapo ndipo dawa ya ile "kutia juu" ilipo. Muuzaji na mnunuzi wakae pamoja, uso kwa uso, bei itajwe kwa sauti. Komisioneri akikataa kabisa msionane, akisema mwenye nyumba ni mkali au amesafiri, jueni kuna kitu katikati. Na mara nyingi hayuko mmoja. Wa Goma ana mwenzake Rubare, wa Rubare ana shemeji Kiwanja, na siku ya kulipa mnawaona wanne wamesimama mlangoni, kila mmoja anasema "ni mimi niliyeleta". Jibu ni hili: komisyo ni moja, mgawane ninyi.

Komisyo isilipwe siku ya avansi. Ilipwe siku bei yote imehesabiwa na karatasi zimetiwa sahihi mbele ya mashahidi. Tangu benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, pesa nyingi za nyumba zinapita mkono kwa mkono, kwa hiyo kila noti iwe na risiti yake, na ya komisioneri pia.

Tena komisioneri si mtu wa kuthibitisha karatasi, hata akiwa na picha yake kwenye simu. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni ya Serikali, na haki yako juu ya parsele inathibitishwa na sertifika inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Kwetu wengi tuna karatasi ya kuuziana tu, yenye muhuri wa shefu. Basi nenda mwenyewe kwa shefu wa kartie na kwa majirani wa pande zote nne, uulize parsele ni ya nani. Majirani hawachukui komisyo, na wanajua kila ugomvi wa mpaka tangu miaka ya nyuma.

Na hili ni letu sisi wamama hasa. Kuna komisioneri anayemfuata baba kwenye kinywaji na kumaliza mambo hukohuko. Kodi ya Familia, iliyorekebishwa mwezi wa Julai 2016, inataka mapatano ya bwana na bibi wote wawili ili kuuza nyumba au parsele, hata ikiwa jina kwenye karatasi ni la mmoja. Sahihi yako si heshima anayokupa mtu. Mnunuzi naye, ukiona muuzaji hana mke wake pale, uliza yuko wapi. (Mambo ya wajane ni mengine, maana watoto ni warithi, nitayaandikia siku yake.)

Kwa wanaopanga nitasema kidogo tu. Mwisho wa 2022, tulipokimbilia Goma, mimi nililipa pesa ya kutembezwa mara tatu, na nyumba moja kati ya hizo tulimkuta mwenyewe akipika, hajui kama inapangishwa. Tangu siku hiyo pesa ya kutembezwa siitoi ila ikihesabiwa ndani ya komisyo. Na garanti: sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inaiwekea mpaka wa miezi 3 kwa nyumba ya kukaa. Ukiombwa 6, taja sheria hiyo kwa adabu. Mwenye nyumba mwingine atakasirika, mwingine atashuka.

Turudi kwa mama yetu. Jumatano alimwita kijana na mnunuzi nyumbani kwake, bwana wake akiwepo, na mimi nikiwa mtu wa kumwaga chai. Mama akasema bei yake mbele ya wote. Kijana akaangalia chini kwa muda mrefu. Akasema alikuwa anatafuta tu "nafasi ya kujadiliana". Hakuna aliyemtukana. Wakakubaliana dola 4,400; muuzaji atampa 220, mnunuzi 100, na zote siku ya karatasi. Alikunja uso, akaomba 150 kwa mnunuzi, akakataliwa, akaomba sukari.

Mama atabaki na 4,180 badala ya 3,600. Mnunuzi ametoka 5,500 mpaka 4,500. Kijana ana 320, na ameahidi kutafuta parsele ya Goma, kwa komisyo iliyoandikwa tayari kwenye daftari la mtoto wa darasa la nne. Jumamosi asubuhi tunaenda kwa shefu, bwana na bibi pamoja, na mimi ni shahidi.

Mbegu za maharagi, wiki ijayo.